Jiwe Jeusi la Norwe

Sehemu ya Kumi na Moja

"Kitabu hiki nusu yake ni yangu!"

Wiki jana tuliachana hapohapo, msomaji wangu. Yunisi Shija amempokonya Mwalimu Kalinga maiki, ukumbi umejaa mpaka madirishani pale Iringa mjini, na sufuria za pilau hazijafunuliwa.

Kwa aliyechelewa kuingia, tumsogezee kiti. Yunisi ni fundi cherehani wa Soweto, Mbeya, binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia bonde la Usangu. Miaka tisa iliyopita alimkalimania mama mmoja wa Norwe, Torunn, aliyekuja kuandika maisha ya mama yake Yunisi, Mama Sayi, na hasa ule mwaka mifugo ilipoamriwa kutoka bondeni. Torunn akasikiliza, akaandika, akaenda zake. Sasa kitabu kimeshinda tuzo huko kwao, naye amerudi Iringa kuionyesha na kuzindua tafsiri ya Kiswahili. Jina la Yunisi halimo. Kwenye ukurasa wa mwisho kabisa pameandikwa: "Asante kwa mkalimani mmoja wa Mbeya."

Mmoja. Kama fungu la nyanya.

Haya, tuendelee, maana ukumbi umeshachemka.

"Dada, rudisha maiki," alisema Mwalimu Kalinga, akitabasamu kwa ajili ya simu zilizokuwa zinampiga picha.

"Sirudishi."

"Dada yangu, hapa kuna wageni."

"Na mimi ni nani? Mpishi?"

Watu wakacheka. Mwalimu Sosthenes Kalinga hakupenda kuchekwa. Yeye ndiye mshereheshaji wa siku, na ndiye aliyekitafsiri kitabu kutoka Kiingereza alichotumiwa na Torunn. Anaitwa Mwalimu ingawa alifundisha miaka michache tu. Kabla ya hapo, wenyewe wanasema, alikuwa karani huku na huko. Alinyoosha mkono kudai maiki yake. Kidole chake cha mwisho kilibaki kimesimama peke yake, kigumu kama msumari.

"Yunisi, shoga yangu, kidole chake hicho kinaomba kura?" Faustina alipayuka kutoka mstari wa mbele, kwenye kiti kilichoandikwa MGENI RASMI.

Faustina anauza vitenge Soweto. Ndiye aliyempandisha Yunisi basi alfajiri ile, na ndiye aliyemtia ujasiri njia nzima, Igawa, Makambako, Mafinga, mpaka Iringa. Hajui kunong'ona.

"Mwacheni aseme, jamani! Mwe! Mtu ametoka Mbeya kwa ajili ya dakika mbili!"

Torunn alisimama. Mama mrefu, nywele zimekuwa nyeupe sasa. Amevaa gauni la kitenge ambalo Yunisi alilijua kabla ya kumjua aliyelivaa, kwa sababu alilishona yeye.

"Yunisi," alisema kwa Kiswahili chake kile cha Mbeya. "Nilikutafuta. Namba yako haipatikani."

"Namba hubadilika, Mama Torunn. Soweto haijahama."

Ukumbi ukasema "eeeh!" kwa pamoja, ile "eeeh" ya watu walioanza kusahau njaa.

Kalinga akaona hatari, akachukua maiki nyingine mezani. "Kamwene!"

"Kamwene!" wakaitikia Wahehe wote, maana hiyo salamu huwezi kuiacha hewani.

"Ndugu zangu, tusichafue siku. Tuelewe kwanza tuzo hii ni kitu gani. Wenzetu wa Norwe wana lugha mbili za kuandikia. Moja ya watu wa mjini. Nyingine imetokana na maneno ya mabondeni, ya wakulima, na waiandikao ni wachache. Kwa hiyo kila mwaka hutolewa tuzo kwa kitabu kipya cha lugha hiyo ya mabondeni, isije ikafa. Mwaka huu ni kitabu cha mama huyu. Kwa hiyo dada anaposema nusu ni yake, namuuliza, anajua hata neno moja la Kinorwe?"

"Sijui," Yunisi alijibu. "Ila nimefurahi kusikia. Lugha ya bondeni kwao inapewa tuzo. Lugha ya bondeni kwetu inapewa 'mkalimani mmoja'."

Hapo hata wapishi wakatoka jikoni.

"Fungua sura ya tisa," Yunisi alimwambia Kalinga.

"Ya nini?"

"Fungua tu, Mwalimu. Usome kimoyomoyo, mimi nitasema kwa sauti."

Kalinga akatazama kulia, akatazama kushoto. Kamera zote zilikuwa zinamwangalia. Akafungua.

Yunisi akafumba macho. Hakuwa amewahi kukishika kitabu kile; tangazo la uzinduzi ndilo lililosema sura ya tisa ni ya kuondolewa kwa ng'ombe. Lakini maneno ya sura ya tisa aliyatoa yeye mdomoni mwake, akikaa kwenye kigoda pale Igawa, mama yake upande huu, Torunn upande ule.

"Asubuhi ile matete yalikuwa yamelala kama watu waliochoka kungoja. Ng'ombe hawakulia. Ng'ombe akijua anaondoka halii, anakutazama. Walipokwisha kuondoka, vumbi lilibaki likizunguka pale pale, likiwatafuta."



"Mwalimu," Torunn aliuliza polepole. "Ndivyo yalivyoandikwa?"

Kalinga alifunika ukurasa kwa kiganja. "Yanakaribiana."

"Nipe." Torunn akachukua kitabu, akasoma, akakiweka mezani. "Neno kwa neno. Majaji walinisifia sentensi hii ya vumbi. Waliisoma kwenye hafla, watu wakalia." Akageuka. "Yunisi, mama yako alisema vumbi lilibaki. 'Likiwatafuta' ni lako. Sasa nakumbuka. Uliongeza, ukasema hivi ndivyo linavyosikika vizuri."

"Ndiyo."

"Basi ni kweli. Ni letu. Nilikosea, na toleo lijalo jina lako litakaa juu, na la Mama Sayi, pamoja na langu. Nasema mbele ya watu."

Unajua vigelegele vya Iringa, msomaji? Vinaanza na mama mmoja nyuma, kisha paa linaitikia. Faustina alipanda juu ya kiti cha mgeni rasmi. Torunn akaichukua tuzo yenyewe, jiwe jeusi lililosuguliwa mpaka linang'aa, limechongwa jina moja tu, akampa Yunisi alishike.

"Jiwe?" Faustina aliuliza. "Wametoka huko kote wakaleta jiwe Iringa? Si wangeokota hapo nje!"

Yunisi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Lilikuwa zito, la baridi. Alilikumbatia kama mtoto aliyerudishwa na polisi. Miaka tisa ya uchungu, na imekwisha kwa dakika kumi!

Ingekuwa mimi ndiye mpangaji wa dunia, hadithi ingeishia hapo na tungekula pilau.

"Hongera sana, dada Yunisi."

Sauti ilitoka mlangoni. Mwanamume wa rika la Yunisi, koti la ngozi, viatu vimejaa vumbi jeupe la Usangu. Hakupiga makofi.

"Nimeendesha gari kutoka Igawa nije kumtafuta mtu aliyeyasema maneno ya sura ya tisa. Nilidhani ni mzungu. Kumbe ni wewe."

Yunisi alimtambua, na jiwe likamzidi uzito. Sedekia. Sedekia Magesa. Wamechunga ndama pamoja.

"Sedekia, karibu," alisema.

"Sikukaribishwa, nimekuja. Nina swali moja tu. Hiyo sura ya tisa inasema kuna mtu aliwaonyesha wale jamaa wa kuondoa mifugo mahali mlipowaficha ng'ombe kwenye matete. Inamtaja kwa jina. Magesa. Baba yangu. Sasa kama nusu ya kitabu ni yako, hiyo ni ya nusu ipi?"

Faustina akashuka kwenye kiti.

"Mwalimu huyu," Sedekia alimwelekezea Kalinga kidole, "aliisoma sura hiyo redioni mwezi wa kwanza, kunadi kitabu. Kwetu redio inasikilizwa na kila mtu, hata mbwa. Kesho yake sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, wakakaa kikao. Wakamtenga mzee. Mnajua kutengwa kwetu Wasukuma? Haazimwi moto. Hasalimiwi. Akipita kisimani, watu wanamwaga maji waliyokwisha kuteka. Mzee wa miaka sabini na nne!"

"Pole sana, kaka," mtu alisema.

"Subiri, pole bado. Mwezi wa tatu mama yangu alifariki. Mama yangu, aliyekuwa akipika kwenye misiba ya Igawa nzima. Tulimzika watu wanne. Mimi, baba, mke wangu, na katekista aliyekuja akaondoka bila kunywa maji."

Sedekia aliendelea.

"Baba hajibu kitu. Anakaa tu. Ananiuliza kila siku, 'Sedekia, ni nani aliyesema?' Ndiyo maana nimekuja. Dada Yunisi, ni nani aliyesema?"

Yunisi alitazama jiwe. Alijua jibu. Alilijua kwa miaka tisa.

Siku ile ya kigoda, Torunn aliuliza, "Nani aliwaonyesha njia?" Yunisi akaigeuza kwa Kisukuma. Mama Sayi alikaa kimya mpaka kuku wakazoea, kisha akajibu jina moja: Shija. Mume wake. Baba yake Yunisi, aliyekufa mwaka mmoja baada ya ng'ombe, na kila mtu akasema amekufa kwa huzuni.

Baba! Baba yake mwenyewe aliuza siri ya ukoo! Mzungu alikuwa anangoja, kalamu juu. Na mdomo wa Yunisi ukasema: "Anasema ni Magesa."

Kwa nini Magesa? Kwa sababu Magesa aliwahi kuwatoa ng'ombe wake bondeni wiki moja kabla, na watu walikwisha kunung'unika. Uongo hupenda kupandwa palipokwisha kulimwa.

Tangu siku hiyo Yunisi hakukanyaga kaburi la baba yake. Akipita Igawa, basi likisimama, hugeuzia uso upande wa pili wa barabara.

"Yunisi," Faustina alinong'ona, yaani ukumbi wote ukasikia. "Sema ulisahau! Sema ni zamani!"

Hapa, msomaji, ndipo mwanadamu anapopimwa. Kusema "ni mimi" ni kuachia kila alichopewa dakika tano zilizopita. Jina juu ya kitabu, vigelegele, jiwe. Na ni kumfukua baba yake mbele ya watu.

"Mimi nilitafsiri alichosema mama," Yunisi alijibu. "Mama alisema Magesa. Sikuongeza, sikupunguza."

"Uliongeza vumbi," alisema Sedekia.

"Vumbi ni pambo. Jina ni jina. Mama alisema Magesa."

Akamtwisha mama yake. Aliyatoa maneno yale haraka, kama mtu anayetupa kaa la moto lililomwangukia mapajani, bila kuangalia linaangukia nani.

Kalinga aliingia kati, uso umejaa nafuu. "Basi ndugu, umejibiwa. Chanzo ni Mama Sayi mwenyewe, mwathirika. Mimi nilitafsiri kilichoandikwa, sikugusa hata nukta. Tuendelee na ratiba."

"Ninazo sauti zote," alisema Torunn.

Watu wakamgeukia.

"Kisukuma chote, tangu siku ya kwanza. Sikukielewa, lakini sikukifuta." Alikuwa tayari anafungua kompyuta yake. "Ndugu Sedekia, wewe unakielewa. Ikiwa Mama Sayi alisema Magesa, utasikia mwenyewe."

"Hakuna haja!" Yunisi na Kalinga walisema kwa pamoja.

Wakatazamana. Yunisi alijua kwa nini yeye alisema hivyo. Hakujiuliza kwa nini Kalinga naye alisema.

Mtu wa spika alichomeka waya. Ukakwaruza. Kuku wakalia ukumbini, kuku wa miaka tisa iliyopita, ambao bila shaka walikwisha kuliwa. Ikaja sauti ya Yunisi, changa, yenye madaha ya kujua lugha mbili, ikiuliza swali kwa Kisukuma. Kisha kimya kirefu. Kisha sauti ya Mama Sayi, nzito, kama mtu anayeshusha gunia.

Alisema sentensi mbili. Mwishoni mwa ya pili akataja jina.

Shija.

Jina halihitaji mkalimani. Hata mama wa vigelegele kule nyuma, ambaye hajawahi kuonana na Msukuma, alilisikia. Na mara moja spika ikaleta sauti ya Yunisi kwa Kiswahili safi: "Anasema ni Magesa."

"Shija ni nani?" mtu aliuliza.

"Muulizeni jina lake la pili," Sedekia akajibu.

Yunisi Shija alisimama peke yake na jiwe la watu.

"Nilibadilisha," alisema. Maiki ilikuwa chini, lakini kulikuwa kimya kiasi cha kusikika. "Alikuwa baba yangu. Sikuweza kulitoa jina lake mdomoni. Nilidhani ni maneno ya kwenda Norwe, nani atayasoma? Nilidhani yatakaa huko kwenye baridi."

"Yamerudi," alisema Sedekia.

"Yamerudi."

"Na leo tena umemsingizia mama yako. Hapa hapa. Nimekuona."

Torunn alikuwa amekaa, viganja vimefunika kitabu kana kwamba kinavuja.

"Nilisimama mbele ya ukumbi uliojaa kule kwetu," alisema, "nikawaambia kila neno humu ni kweli. Walinipa jiwe hilo kwa sababu ya neno kweli."

"Na mimi nilikwambia kweli nyingi, Mama Torunn," Yunisi alisema kwa uchungu. "Kurasa mia mbili za kweli. Hukuandika jina langu kwenye hata moja. Uongo mmoja, ndio nimepata jina."

Torunn akafungua ukurasa wa mwisho, ule wa asante, akautazama.

Kalinga akapiga makofi mawili. "Sasa basi! Mambo yamejisafisha yenyewe. Mkosaji ni marehemu Shija, Mungu amrehemu. Toleo la pili tunafuta Magesa, tunaandika Shija. Kazi ya dakika moja. Tusimame tuombee chakula."

"Mama yangu atafufuka na toleo la pili?" Sedekia aliuliza.

"Ndugu yangu, usiwe na hasira..."

"Nina haraka. Kuna mtu aliyeomba nimlete, akakataa kusema lolote njiani. Nimemwacha kwenye gari, na baridi yenu hii haimfai. Nilimwambia akae, mpaka nijue ni nani aliyesema. Lakini spika zenu zina sauti kubwa, naona ameshasikia."

Mlango ulisukumwa.

Aliingia Mama Sayi.

Mwembamba kuliko Yunisi alivyomwacha Krismasi, shuka begani, fimbo mkononi. Alitembea katikati ya viti na watu wakavuta miguu. Hakumwangalia mtu. Torunn alisimama kumlaki, na yeye akampita kama mlango ulio wazi.

"Mayu," Yunisi alimwita mama yake kwa Kisukuma, akapiga goti.

"Inuka. Usinipigie magoti na jiwe la watu mkononi, utaliangusha."

Zamani alikataa kumsimulia Torunn kwa Kiswahili. "Kiswahili nauzia maziwa," alisema. "Kilio changu ni Kisukuma." Lakini leo alizungumza Kiswahili, kile chake cha barabarani, ili kila mtu asikie na asihitajike mkalimani.

"Zima hicho kitu. Kinasema uongo."

"Mama, ni sauti yako," Torunn alisema kwa upole.

"Ni sauti yangu. Ni uongo wangu." Akashika fimbo kwa mikono miwili. "Shija hakuonyesha mtu njia. Shija siku ile alikuwa na homa, amelala, mimi ndiye nilikuwa namkanda. Wa kwanza kudanganya ni mimi. Huyu alidanganya juu ya uongo wangu. Ndiyo maana umekuwa mrefu, umefika mpaka Norwe."

Miaka tisa! Miaka tisa Yunisi anakwepa kaburi la mtu asiye na kosa!

"Mayu, kwa nini? Kwa nini baba?"

"Kwa sababu amekufa. Marehemu hata umtwike nini, haumwi mgongo. Mzungu aliuliza nani, na wewe ulikuwa umekaa mbele yangu unaningoja nijibu. Ningesema nini?"

"Ungesema hujui!"

"Nilikuwa najua."

Mama Sayi alimgeukia Sedekia kwanza. "Mwanangu, redio iliposema Magesa, nilijua huyu amenigeuzia maneno. Nikanyamaza. Nilifurahi. Mungu anisikie, nilifurahi kwamba halikutajwa jina lile la kweli. Mama yako alipokufa sikuja. Alinisaidia uzazi wa huyu Yunisi, na sikuja kumzika. Niliogopa nikija nitasema."

Mama Sayi akamgeukia binti yake.

"Sasa nasema. Yunisi, ulikuwa na miaka mingapi mwaka ule?"

"Kumi na tatu."

"Tuliwaficha ng'ombe kwenye matete. Wanaume wakakata matawi, wakafuta nyayo, wakafunga kengele kwa majani zisilie. Wakajiona wajanja. Na mimi, mjinga, mimi mama yako, kila asubuhi nikaendelea kukutuma Igawa barabarani kuuza maziwa."

Ukumbi ulianza kuelewa. Ulielewa polepole, safu kwa safu.

"Ng'ombe wamefichwa," Mama Sayi alisema, "na maziwa yapo sokoni. Mtu mwenye akili atauliza nini?"

Fimbo ya Mama Sayi ikagonga sakafu.

"Jioni moja ulirudi na ndoo tupu, unaruka. Ukaniambia, 'Mayu, leo kuna baba mmoja amenunua yote! Kanisifia!' Kesho yake alfajiri wakaja. Walikuja moja kwa moja, hawakupotea hata mara moja. Sikukuuliza. Miaka yote hii sikukuuliza. Leo nakuuliza, ng'wana wane, mwanangu. Yule mteja wako, ulimwambia nini?"

Na Yunisi akakumbuka. Hakuwa amesahau, maana hakuwahi kujua kama ni kitu cha kukumbuka. Malori yamesimama Igawa, harufu ya mahindi ya kuchoma, na mwanamume mpole mwenye daftari kwapani. Alikunywa papo hapo kwenye kata, akafuta midomo. "Maziwa matamu hivi, mwanangu, ng'ombe wenu wanakula nini?" Na yeye, kwa fahari ya mtoto wa mfugaji, akajibu: "Matete mabichi! Yale ya ng'ambo ya mto, penye mtumbwi uliozama!"

Ni yeye.

Siyo Magesa. Siyo baba. Yeye.

"Ungemwona leo ungemjua?" mama yake aliuliza.

Yunisi alitaka kusema hapana. Uso ulikuwa umefutika. Alichokiona ni mkono tu, mkono unaoinua kata, vidole vinne vimekumbatia mpini na kimoja, cha mwisho, kimesimama peke yake...

Akainua macho.

Mwalimu Kalinga alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake. Hakuwa akitabasamu tena. Alikuwa anakunywa maji, taratibu, na nje ya bilauri kidole kilikuwa kimenyooka kama msumari.

Aliiweka bilauri. Akazima maiki yake kwa dole gumba. Akamwinamia Yunisi kama mtu anayetoa pole, mkono begani, na huku ukumbi mzima ukidhani anafariji, alimwambia sikioni:

"Yalikuwa matamu kweli, mwanangu. Lakini mbele ya watu hawa umeshadanganya mara mbili. Hebu litaje jina langu, tuone nani atakuamini."